Majina halisi, lakabu, au "Mgeni" asiyejulikana: jukwaa letu la watu wa mlima Kilimanjaro lichague lipi?

Msimamizi_Moshi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mnajua kilichotokea kwenye ile mada ya malipo. Mtu ameandika bila jina kwamba kampuni fulani imekalia tipu za wagumu, yaani wapagazi, baada ya safari ya njia ya Lemosho. Mchana habari ilikuwa imeshafika Arusha, na jioni mwenye kampuni akanipigia simu anataka jina la mwandishi. Sikumpa kwa sababu moja tu: sikuwa nalo. Mfumo wetu unamruhusu mtu kuandika kama "Mgeni" bila kujisajili.

Sasa wako mnaoniambia niufunge mlango huo leo hii, na wako wanaosema nikiufunga jukwaa litabaki la kutakiana Krismasi njema na kuulizana bei ya mifuko ya kulalia. Naweka njia nne mezani tuzipime.

Ya kwanza, kila mtu aandike kwa jina lake la kitambulisho. Ya pili, lakabu, ila iwe moja na ya kudumu. Ukijiita Barafu leo, mwakani uwe Barafu yuleyule. Ya tatu, tuache kama ilivyo, Mgeni aandike aende zake. Ya nne, wasomaji wasilione jina lakini mimi na wasaidizi wangu wawili tulijue. Ndivyo zilivyo posti za siri kwenye makundi ya Facebook: wasimamizi wa kundi wanamwona aliyeandika, ingawa wengi wanaoandika humo hawalijui hilo.

Msije na "naunga mkono hoja" mkaishia hapo. Nataka sababu.

Mwenye_Kampuni_Ndogo

Mimi ni njia ya kwanza na sina haja ya kuzunguka. Nina gari mbili na ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi. Mtalii kutoka Ujerumani anayetaka kupanda Septemba huanza kututafuta mtandaoni tangu Januari. Akikuta mtu asiye na jina anasema fulani anadhulumu wapagazi, haniandikii kuuliza. Anahamia kwa mwingine, nami sitajua kamwe kwamba nilimpoteza.

Kujibu najibu nini? "Si kweli"? Sijui anazungumzia safari ipi, tarehe ipi, mgumu yupi. Kushtaki nimshtaki nani? Na tusidanganyane, mji wetu huu washindani tunajuana. Mvua za masika zikikatika na msimu ukinukia, ndipo "wapagazi" wasio na majina wanapozaliwa kwa wingi. Mwenye ushahidi aje na uso wake.

Mgumu_wa_Mweka

Bosi, heshima yako iko palepale, ila shuka upande wetu kidogo.

Mimi sina mkataba. Kazi yangu ni kusubiri simu. Nikiandika kwa jina langu kwamba getini mzigo ulipimwa ukawa kilo 20 kama inavyotakiwa, halafu tulipopita msitu tukaongezewa mwingine, hakuna atakayenifukuza. Simu tu haitalia. Safari hii sipo, ijayo sipo, msimu unaisha. Hakuna barua ya kusimamishwa kazi niipeleke popote. Utalalamika kwa nani kwamba hukupigiwa simu?

Wewe ukitukanwa unayo ofisi ya kusimamia na kujitetea. Kwa hiyo hiyo njia ya kwanza, mkuu, ni ya wenye ofisi.

Mwenye_Kampuni_Ndogo

Hapo kwenye simu kutolia sina jibu. Ila naomba nawe uwaze: akiandika mtu ambaye hajawahi hata kukanyaga geti la Londorosi, nani atamjua?

Chalii_wa_Seva

Niko Njiro, Arusha, kazi yangu ni mitambo ya intaneti. Mlimani nilipanda mara moja nikaishia kutapika, kwa hiyo ya huko sisemi. Ya mitandao nitasema, na nitarefusha kidogo, mnivumilie.

Kwanza, watu wanaongea kana kwamba "bila jina" ni kitu kimoja. Laini unayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo anayeandika hapa kama Mgeni amejificha kwa bosi wake na kwa jirani yake. Kwa dola hajajificha sana. Na kabla hamjaniambia VPN, ile ya kuficha unakotokea mtandaoni, kumbukeni Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo kwamba wanaohitaji kuitumia kwa shughuli zao wakatoe taarifa.

Pili, majina halisi yameshajaribiwa na watu wenye uwezo kuliko sisi. Korea Kusini mwaka 2007 walitunga sheria kwamba kwenye tovuti kubwa mtu ahakikiwe kitambulisho kabla hajaandika neno. Shabaha ilikuwa kukomesha matusi. Matusi hayakukoma, ila majina na namba za vitambulisho vya watu zikarundikana kwenye seva za kampuni binafsi. Mwaka 2011 wadukuzi wakaingia mitandao ya huko ya Nate na Cyworld wakaondoka na taarifa za watu kama milioni 35. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria. Google nao walianza na majina halisi kwenye mtandao wao wa Google+ mwaka 2011, ilipofika 2014 wakaliacha sharti hilo wenyewe. Na hapa kwetu, nani hajawahi kutukanwa mtandaoni na mtu mwenye jina lake kamili na picha ya kipaimara kwenye wasifu?

Lakini Mgeni naye simtetei. Marekani kulikuwa na programu ya Yik Yak, ilianza 2013. Watu walio eneo moja, hasa wanafunzi wa vyuo, waliandikiana bila jina lolote. Yakaja matusi ya rangi na vitisho, shule zikaanza kuizuia. Mwaka 2016 wenyewe wakabadilisha ghafla, kila mtu awe na lakabu, watumiaji wakachukia wakakimbia, 2017 ikafungwa. Msimamizi, hilo la kubadilisha ghafla likumbuke kuliko mengine yote niliyosema.

Kura yangu ni lakabu ya kudumu. Simjui Mgumu_wa_Mweka kwa sura wala kwa kabila. Lakini akiandika kwamba kambi ya Barranco maji yamepungua au njia imeharibika, naona watu wanabadilisha mipango. Hilo hakulipata kwa kitambulisho, amelipata kwa kuandika kweli miaka kadhaa chini ya jina lilelile. Ana kitu cha kupoteza akidanganya. Mgeni hana.

Mzee_Kiborloni

Vijana, habari za leo.

Mgumu_wa_Mweka

Shikamoo mzee.

Mzee_Kiborloni

Marahaba. Mnabishana jambo ambalo magazeti yalilimaliza zamani. Ukiandika barua kwa mhariri ulitakiwa uweke jina lako na anwani ya posta, la sivyo barua inaishia kapuni. Lakini kama ulimtaja mkubwa, gazetini ilitoka "Msomaji Mwenye Uchungu, Moshi", na chini yake: jina na anwani vimehifadhiwa. Mhariri alijua anayemchapa ni mtu kweli. Mkubwa hakujua ni nani. Washairi nao, nusu yao walijulikana kwa lakabu tu, na mtu akipotea gazetini miezi miwili wenzake walimwulizia kwa lakabu hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi niko na njia ya nne, kwa sharti moja. Kila ofisi ya umma ina sanduku la maoni lenye kufuli. Mwananchi anayelitazama haulizi kama karatasi inatakiwa kuwa na jina. Anauliza ufunguo uko kwa nani. Ukiwa kwa yuleyule anayelalamikiwa, sanduku litakaa na vumbi hadi lioze.

Binti_Machame

Mzee amegusa nilipotaka kugusa.

Mnajadili jina kana kwamba jina ndilo linalomtambulisha mtu. Sisi wanawake mlimani bado tunahesabika. Nikiandika bila jina kwamba kambi fulani, safari ya njia fulani, kiongozi wa msafara alikuwa ananisumbua usiku, nishajitaja. Timu nzima inajua mwanamke alikuwa mmoja. Hata mgumu wa kiume, akiandika "tulikuwa wanane, wageni wawili wa Denmark, tulishukia Mweka Jumanne", orodha ya walioingia getini ipo, bosi anaipitia kwa kidole. Mgeni wenu huyo anavuliwa kofia na tarehe yake mwenyewe.

Kwa hiyo mimi naona swali la nani anajua jina linakuja baadaye. Kwanza ni nani atakaa na mlalamikaji, amwambie: hii ondoa, hii acha, subiri wiki tatu safari nyingine zipite ndipo uichapishe. Mfumo hauwezi kazi hiyo, inataka mtu.

Na kwenye njia ya nne, msimamizi, wasaidizi wako wawili ni akina nani? Nijuavyo mimi wote wanaume, na mmoja ni shemeji ya mwenye kampuni ya utalii. Nimwandikie huyo habari za usiku kambini?

Msimamizi_Moshi

Dada, hilo la shemeji ni kweli. Ni mtu mwema, lakini nimekuelewa.

Mwanasheria_Mtarajiwa

Naomba niingilie kabla hamjafika kupiga kura, maana mnachagua kana kwamba njia zote nne ziko huru.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka anayeendesha jukwaa awe na namna ya kutambua chanzo cha kinachochapishwa. Ndizo zilizowafanya JamiiForums, lile jukwaa kubwa la mijadala, wajifunge wenyewe kwa muda Juni 2018, kwa suala la leseni. Baadaye zikaja za 2020. Kwa hiyo Mgeni anayeingia na kutoka bila kuacha alama ni mtego kwa msimamizi, hata kama wasomaji wanampenda. Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 32 kinawapa polisi nguvu ya kudai taarifa kwa anayezishikilia.

Msichukulie hili kama maneno ya kitabuni. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Kesi zikamzungusha mahakama ya Kisutu miaka. Moja ilifutika, lakini Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, faini milioni 3 au mwaka mmoja jela. Katikati ya hayo, 2019, Kamati ya Kulinda Wanahabari ya New York ilimpa tuzo yake ya kimataifa. Tuzo na hukumu kwa kitendo hichohicho.

Sasa msimamizi, njia ya nne inakufanya wewe uwe mhariri wa mzee. Siku wakija na karatasi yenye muhuri, utafanyaje?

Msimamizi_Moshi

Nitasema kweli mbele ya wote. Sitawaahidi kwenda jela. Nina watoto, na nina duka Mbuyuni ambalo ndilo linalolipia seva hii. Anayetaka kuniachia siri ambayo ikitoka atauawa, asiniachie mimi.

Chalii_wa_Seva

Afadhali umesema. Wasimamizi wengi wanaahidi mbingu.

Basi dawa ni kutokusanya. Kama hujachukua namba ya NIDA, hakuna wa kukudai namba ya NIDA, na hakuna mdukuzi wa kuiba. Chukua barua pepe na lakabu, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inataka uchukue kile tu kinachohitajika kwa kazi yako, kwa hiyo hata hapo uko salama zaidi kuliko wa njia ya kwanza mwenye daftari la vitambulisho.

Mgeni

Mnaongea sana. Msimamizi aseme analipwa na nani kuwalinda mabosi.

Mgeni

Mimi ndiye niliyeandika ile ya Lemosho. Naomba ifutwe, tulishalipwa yote, ilikuwa hasira tu.

Mwenye_Kampuni_Ndogo

Mnaona! Ndiyo haya ninayosema. Ameshachafua jina la mtu, anaomba ifutwe, anaondoka.

Mgeni

Huyo wa juu si mimi! Mimi ndiye niliyeandika ile ya Lemosho, na hatujalipwa hadi leo. Sijaomba chochote kifutwe.

Mgumu_wa_Mweka

Duh.

Chalii_wa_Seva

Haya, majaribio ya wazi bila malipo. Nani kati yenu anaweza kusema Mgeni yupi ni yupi? Nimekaa na mitambo miaka yote hii na mimi siwezi. Huenda mmoja yuko kwenye simu na mwingine kwenye intaneti ya hoteli. Huenda ni mtu mmoja anatuchezea.

Angalieni aliyeumia hapo. Kama wa pili anasema kweli, basi aliyenyang'anywa ushahidi wake ni mgumu, kwa sababu hakuwa na jina la kuushikilia. Mtu yeyote anaweza kuvaa "Mgeni" na kumkana. Angekuwa na lakabu, hata iwe Kiazi_Mviringo, hakuna ambaye angeweza kuja kufuta madai yake kwa niaba yake.

Mgumu_wa_Mweka

Nilikuja hapa nikiwa na njia ya tatu mfukoni, sikuwaambia tu. Naiacha. Lakini sihamii kwa bosi.

Nina swali kwa wanaosifu lakabu. Chalii anasema mimi naaminika kwa sababu nimeandika miaka. Sawa. Dogo aliyepanda mara ya kwanza mwezi huu, kadhulumiwa safari yake ya kwanza, ataaminika lini? Hana miaka, ana njaa.

Mwenye_Kampuni_Ndogo

Mimi nilitaka kupendekeza kwamba anayetaja kampuni kwa jina akaunti yake iwe na angalau miezi mitatu. Naona dogo huyo ananikwamisha.

Basi iwe hivi: akaunti mpya iandike kisa, isitaje kampuni. Msimamizi aitumie kampuni ujumbe, ipewe siku kadhaa kujibu. Isipojibu, jina litoke. Ikijibu, jibu libandikwe chini ya madai palepale, siyo ukurasa wa tano ambako hakuna anayefika. Mimi nikipewa nafasi ya kujibu mahali msomaji anaponiona, sihitaji tena kitambulisho cha mtu.

Binti_Machame

Siku kadhaa za kampuni kujibu, au siku kadhaa za kampuni kutafuta ni nani aliyesema?

Mwenye_Kampuni_Ndogo

Dada, unanikaba. Lakini siwezi kusema haitatokea.

Mzee_Kiborloni

Kuna njia ambayo hamjaiweka. Wale wa KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi, wanawahoji wapagazi wakishashuka, kuhusu malipo, chakula, hema, uzito. Kinachotoka nje ni hali ya kampuni kwa jumla. Hakuna anayesoma kwamba mgumu fulani alisema hivi. Wanaotajwa kwa majina ni kampuni washirika, mtalii anaangalia orodha anachagua. Hapo maneno ya dogo mwenye njaa yanahesabiwa sawa na ya mkongwe.

Mgumu_wa_Mweka

Kweli mzee, nilishahojiwa. Ila wanaofuatiliwa hivyo ni wale waliokubali kufuatiliwa. Anayetudhulumu hasa hayumo kwenye orodha hiyo na hana mpango wa kuingia. Huyo ndiye tunayetaka kumsema hapa.

Na jambo lingine: kuhesabiwa kwa jumla kunafaa kwa hema linalovuja. Kwa la dada hapo juu hakufai. Likitokea mara moja kwa mtu mmoja, kwenye jumla linamezwa.

Mwanasheria_Mtarajiwa

Na la dada si la jukwaa peke yake. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, na dawati la jinsia polisi. Jukwaa lisijifanye mahakama.

Binti_Machame

Asante mdogo wangu, dawati nalijua lilipo. Anayetoka mlimani amechoka, hana uhakika kama ataaminika, anataka kwanza kujua kama kuna mwingine alishafanyiwa hivyo na mtu huyohuyo. Hapo ndipo jukwaa lina kazi. Nikipata wenzangu wawili, dawatini naenda bila kusukumwa.

Msimamizi_Moshi

Nimewasoma wote, hata waliotukana. Ninavyoamua, na mkiona nimekosea semeni sasa.

Majina halisi hapana. Hoja ya simu isiyolia haikujibiwa na mtu yeyote, hata bosi mwenyewe. Mgeni naye tunamfunga, lakini siyo ghafla: mwezi huu wote kila atakayeandika kama Mgeni ataombwa achague lakabu, mwezi ujao mlango unafungwa. Barua pepe tu, vitambulisho sichukui. Madai dhidi ya kampuni yabaki na jibu la kampuni chini yake papo hapo. La siku za kusubiri naliacha wazi, sijaridhika nalo. Binti_Machame kaniharibia usingizi.

Wageni wawili wa Lemosho: kila mmoja afungue lakabu na anitumie picha ya karatasi ya malipo, afunike majina ya wenzake. Asiyetuma, maneno yake nayaacha yalivyo na nitaandika chini yake kwamba hayakuthibitishwa. Sifuti.

Kwa mambo ya unyanyasaji pekee tutakuwa na njia ya nne, na kisanduku hicho sitakifungua mimi. Kitafunguliwa na wanawake wawili mtakaowachagua nyinyi wenyewe, ambao mimi nitawapa nenosiri kisha nisilijue tena. Chalii, hilo linawezekana?

Chalii_wa_Seva

Linawezekana. Waliweke upya wao wenyewe mbele yako, wewe ukiwa umegeuka.

Binti_Machame

Tutachagua. Tutakutana baada ya ibada ya Jumapili, siyo hapa, kwa sababu mnazozijua. Ila shemeji atoke kwanza kwenye usimamizi.

Msimamizi_Moshi

Ameshaambiwa.

Binti_Machame

Ameambiwa au ametoka?

Msimamizi_Moshi

Ametoka. Angalia orodha ya wasimamizi sasa hivi.